Pikipiki Waliyoikataa

Pistoni niliitoa kwa mchi wa kutwangia sombe, majani ya mihogo. Ilikuwa imeganda ndani ya silinda kwa miaka, kutu imeishika pande zote. Niliimwagia mazuti, yaani dizeli, nikaiacha inywe, kisha nikaweka kipande cha ubao juu yake na kuanza kupiga. Nilipiga kwa hasira zangu zote, na wakati ule nilikuwa nazo nyingi. Majirani walichungulia juu ya ukuta wa matete kuona nani anauawa. Ilipochomoka iliruka, ikagonga ukuta wa jikoni, na kuku wakatawanyika wakipiga kelele.

Kuku hao ndio waliokuwa wenye pikipiki kabla yangu. Walitaga chini ya tangi, walilala juu ya usukani, na walichomwaga juu ya injini kilikuwa kimekauka kikawa kigumu kuliko saruji. Ilikuwa pikipiki ya Kijapani ya nyakati za Zaire, tangi jekundu, taa ya duara. Mume wangu aliinunua kwa bwana shamba mmoja mstaafu aliyekuwa ameitunza kuliko alivyomtunza mke wake. Kwa pikipiki hiyo mume wangu alileta mahindi na mihogo kutoka Niemba, mimi nikauza sokoni hapa Kalemie, na tulikula vizuri.

Kisha ikaja vita ya mishale kati ya makabila mawili ya huku kwetu. Siku moja aliondoka asubuhi kuelekea njia ya Nyunzu, na jioni lori likamrudisha, yeye chini ya turubai, pikipiki juu ya magunia. Mshale ulikuwa umepita pajani na kuingia ndani ya kiti. Aliendelea kuendesha mpaka damu ikamwishia. Waliomkuta walisema alikuwa bado ameikalia pikipiki, miguu chini, kama mtu anayesubiri abiria. Niliiosha ile pikipiki mimi mwenyewe, kwa ndoo na mchanga wa ziwa, na nilipomaliza nikaisukuma nyuma ya jikoni ili nisiione.

Kwa familia ya mume wangu, matanga yakimalizika, ndugu wa marehemu wanakusanya vitu vyake. Mkubwa wake, shemeji yangu, alisimamia kazi hiyo. Walichukua kitanda nikiwa bado nimekaa kwenye mkeka. Walichukua redio, masufuria makubwa, nguo zake zote hadi soksi, na mlango wa mbele, kwa kuwa mume wangu ndiye aliyeutengeneza. Usiku ule nililala nyumba ikiwa wazi. Walipofika nyuma ya jikoni wakasimama. Kiti kilikuwa kimebaki na doa. Baba mkwe, mzee wa watu, aliyekuwa mkali lakini si mwizi, akatema mate pembeni na kusema mbele ya wote:

“Ile chuma imekula mutoto wangu. Haiingie kwangu. Mama, ubakie nayo.”

Shemeji aliongeza ya kwake. Alisema wanawake na kutu wanafaana. Watu wakacheka kidogo, cheko la matanga, na mimi nikalimeza.

Nilikaa nalo tumboni kwa miaka. Sikurudi kwetu, na nilikataa kurithiwa na shemeji ingawa aliniletea neno hilo zaidi ya mara moja. Niliuza dagaa. Kwenda Niemba nilikodi vijana wa pikipiki, na kijana akijua hujui njia nyingine anakupandishia bei katikati ya msitu, au anakushusha, au anataka kingine. Mmoja nilimng'ata sikio. Nilirudi kwa miguu siku hiyo, gunia kichwani, na njiani nikaamua. Nilipofika nyumbani sikuoga. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, nikawafukuza kuku kwa fagio.

Shemeji hakujua kitu kimoja, kwa sababu hakuwahi kuniuliza chochote katika maisha yake. Baba yangu alikuwa fundi wa mota za mitumbwi. Nimekulia ufukweni kati ya mafuta na magamba ya samaki, na kabla sijajua kusuka nywele nilijua kusafisha kabureta. Injini ni injini. Ile ya mtumbwi inasukuma maji, hii inasukuma gurudumu, lakini ndani ni ugomvi uleule wa moto na chuma.

Nilipokichana kiti ili kubadilisha godoro lake, kisu kiligota. Nikaingiza vidole na kutoa ncha ya mshale, nyeusi, ndefu kama kidole cha shahada. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha nikaisugua kwenye jiwe. Masizi yaliyokuwa ndani ya kichwa cha silinda yalikuwa hayatoki kwa kisu wala kwa bisibisi, na ncha ile iliyatoa yote. Mama yangu aliponiona nayo alisema niitupe ziwani. Nikamwambia ilishamchukua mume wangu, sasa ifanye kazi.

Pistoni mpya ilikuja kwa boti kutoka Kigoma, ndani ya ndoo ya sabuni. Mnyororo niliuokota kwenye pikipiki iliyochomwa na watu wenye hasira. Waya za umeme panya walikuwa wamezila, nikazisuka upya zote. Nilijikata, nilijiunguza, buji, ile plagi ya kuwashia injini, ilinirushia umeme hadi kwenye meno. Kuna boliti moja ya mguu wa injini iliyonishinda kabisa, nikaipiga kwa nyundo na kuitukana majina ya shemeji mpaka ikakatika.

Na ikawaka. Eshapma, yaani bomba la moshi, ilikuwa bado haijafungwa, kwa hiyo haikunguruma, ilibweka. Mlio ulipita juu ya mabati ya mtaa mzima. Nilicheka peke yangu ndani ya moshi. Niliipanda nikavuka nayo daraja la Lukuga na kurudi, upepo wa ziwa usoni, na breki ziliposhika niliona kwamba nimetengeneza kitu kizuri. Sikufikiri kwamba barabara ya pili kutoka kwetu kuna mtu aliyeukumbuka mlio huo.

Alikuja siku hiyohiyo, shati la Jumapili mwilini. Hakunisalimia. Aliizunguka, akapapasa tangi, akapanda.

“Ile njo piki ya ndugu yangu,” alisema, yaani ndiyo yenyewe. “Umefanya muzuri kutuchungia.”

Mnyororo wa zamani, ule ulioliwa na kutu, ulikuwa miguuni pangu. Niliukunja mara moja mkononi na kumchapa nao mgongoni. Shati la Jumapili likafunguka. Alishuka akanipiga ngumi ya kwanza, nikaanguka, nikamshika mguu, naye akaanguka juu ya jiko la makaa. Tulipigana kama hatukuwahi kula sahani moja. Majirani walitutenganisha wakati mimi nimeshika nywele zake na yeye ameshika koo langu. Kila mtu alitoka na damu, na kila mmoja akasema atamwona mwenzake.

Wakaita kikao cha familia uani kwa baba mkwe. Niliisukuma pikipiki hadi hapo, kwa maana waliamuru ije. Nilikuja pia na sanduku la spana za baba yangu. Mzee alisikiliza upande wa mtoto wake kwa muda mrefu na upande wangu kwa muda mfupi. Nilimkumbusha maneno yake ya matanga. Alitazama chini.

“Wakati ule ilikuwa imekufa,” alisema. “Sasa iko muzima. Kitu ya mwanaume inarudia kwabo. Mama, usitupiganishe.”

Sauti yangu ilitoka polepole. Nilimwambia, “Sawa, Papa. Mutachukua ile mutoto wenu aliacha. Yote. Hata msumari moja sitabakia nayo.”

Nikafungua sanduku, nikapiga magoti mavumbini, nikaanza kuifungua mbele yao. Nilitoa mnyororo, ulikuwa wangu. Nilitoa waya zote, nikazivuta kama utumbo wa mbuzi. Nilitoa kiti nilichokishona, kebo, tairi, buji, breki. Nilifungua kichwa cha injini na kuichomoa pistoni ya Kigoma, mafuta yakamwagika kwenye uwanja uliofagiwa. Mbele yao ilianza kurudi kile kilichokuwa nyuma ya jikoni, mifupa na tangi. Kutoka mfuko wa kitenge nikatoa ile pistoni ya zamani iliyoharibika kwa mchi, nikaiweka juu ya lile rundo.

“Njo hii,” nikasema. “Mubebe.”

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umeegemea chini. Shemeji aliichukua spana kubwa kutoka sanduku la baba yangu na kuishusha juu yake.

Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Kidole cha shahada na cha kati vilibaki vimelala upande usio wao. Nakumbuka niliangalia uso wa mzee, si wa shemeji, nikingoja aseme kitu. Alinyanyuka kwenye kiti chake na kuingia ndani. Shemeji alinivunja mkono na siku hizi naweza kumtazama, lakini mzee aliyeingia ndani sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe.

Rundo walilitazama. Shemeji alilipiga teke, akaumia kidole, akalitukana. Kulibeba hakutaka, kama hakutaka mara ya kwanza. Mama yangu na wanawake wa soko walikuja na mkokoteni, wakapakia rundo, wakapakia sanduku, wakanipakia na mimi.

Mara ya pili niliitengeneza haraka. Nilijua kila boliti inapotaka kukataa. Kilichonikwamisha ni mkono. Ambreyaji, ule mkono wa kushoto kwenye usukani unaoubana ili gia iingie, unataka vidole vya mbele, na vyangu vilipona vikiwa vimesimama wima, havikunji. Vilivyobaki na nguvu ni viwili vya mwisho. Nililia siku mbili, nikakasirika ya tatu. Nikachukua nondo, nikaitia kwenye makaa hadi ikawa nyekundu, nikaifua kwa nyundo juu ya kipande cha reli, nikaipa mkunjo mrefu uliotoka nje na kurudi chini mpaka kilipo kidole changu kidogo. Niliifunga, nikaijaribu, nikaivua, nikaifua tena. Mwishowe ikaingia mkononi mwangu bila kuuma. Lakini mtu mwingine akiibana kama watu wote wanavyobana, kwa vidole vya mbele, inagota na klachi haiachii. Sikuifanya hivyo kwa hila. Ndivyo mkono wangu ulivyotaka.

Nikarudi njia ya Niemba. Nilileta mahindi yangu mwenyewe, nikanunua mlango, nikanunua kitanda. Vijana wa pikipiki walinipisha barabarani, yule wa sikio mapema kuliko wote.

Shemeji alivumilia msimu mmoja wa mvua. Ilikuwa mchana, nilikuwa nyuma nikigeuza samaki kwenye mafuta, niliposikia kiki inapigwa mbele ya nyumba, mara moja, mara mbili, na injini ikaitika. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikasikia gia inaingizwa kwa nguvu. Pikipiki ikalia, ikaruka, kukawa na kishindo, kisha kimya.

Nilimkuta ndani ya mtaro, nusu amelala kwenye maji meusi, bega limeshuka mahali pasipo pake, uso umechunika. Pikipiki ilikuwa juu ya mguu wake, gurudumu bado linazunguka. Watu walikuwa wamejaa na wote walinitazama mimi. Niliinyanyua pikipiki kwanza. Nikaangalia tangi, nikaangalia usukani, nikaangalia ile nondo. Haikuwa imepinda.

“Umeifanya nini, ile piki?” aliniuliza kutoka chini. Meno yalikuwa yanagongana.

Nilimwonyesha mkono wangu wa kushoto, vidole viwili vimesimama. Nikauweka juu ya ambreyaji, polepole, ili aone unavyokaa.

“Weye njo uliifanya, shemeji,” nikasema.

Alitazama mkono, akatazama chuma, na nikaona kwamba ameelewa. Nilisikia raha mwili mzima, raha kubwa hata ikanitisha.

Pikipiki nyingine hazikuwapo karibu na gari halikuwapo kabisa. Watu wakampandisha nyuma yangu, na kwa kuwa bega moja lilikuwa limekufa, ilibidi anishike kiunoni kwa mkono mmoja na kuegemeza uso wake mgongoni kwangu. Nikapiga kiki. Tukaenda hospitali mchana kweupe, kupitia sokoni, kila mtu akiona nani anaendesha na nani amebebwa. Kila shimo alilia kwa sauti, na barabara yetu ina mashimo mengi. Ningeweza kuyakwepa. Pikipiki ile inatii vizuri sana.