Piano ya Mzee Mohinder

Jasleen aliolewa Kitale, katika nyumba iliyo nyuma ya duka la vyuma la baba mkwe wake, Mzee Mohinder. Sebuleni alikuta piano kubwa, ile ya kulala, yenye kifuniko kinachoinuliwa kama boneti ya lori. Mzungu mmoja wa kule Kwanza, karibu na Kitale, alimwachia mzee alipouza shamba na kuondoka. Hakuna aliyejua kuipiga. Kazi ya bibi harusi ikawa kuipangusa.

Mzee alipofariki, Deep, mume wa Jasleen, aliirithi piano, naye Jasleen akarithi uchafu wake. Mvua zikinyesha mbao zilivimba na vibao vya kupigia vikakwama, kiangazi zikapasuka. Nondo walitafuna sufu ya ndani, na harufu ya mkojo wa panya ikaingia mpaka kwenye mapazia. Fundi Wepukhulu alikuwa akija kutoka Bungoma kukaza nyaya, na kila mara alijifunga leso puani kabla ya kuinama.

"Mama, hii kitu inataka mtu wa kuipiga, si mtu wa kuifuta," alimwambia. "Ikikaa bure, panya ndio wanahamia."

Deep hakuwahi kushika kitambaa, hata mtoto wao Neelam alipozaliwa. Lakini wageni wakija, alisimama kando ya piano, kiwiko juu ya kifuniko, akieleza jinsi ukoo wao ulivyopenda muziki. Jasleen akileta chai, alipumua kwa mdomo.

Jumapili moja waliwaalika Bethwel, meneja mpya wa benki, na mkewe Joan. Asubuhi hiyo Jasleen aliinua kifuniko apanguse, akakuta vitoto vya panya, vyekundu, havina manyoya, vikijipindapinda kati ya nyaya. Kando yao kulikuwa na panya mkubwa aliyekufa kitambo, funza wakimtoka machoni. Akamwita Deep.

"Funika tu!" Deep alijibu kutoka bafuni. "Wageni wako njiani. Puliza manukato."

Wageni walipoketi, Deep akaanza. "Sisi tumekulia kwa hii piano..."

"Joan, njoo uone ndani," Jasleen alisema, akainua kifuniko chote.

Joan alichungulia, akaziba mdomo, akakimbilia uani. Bethwel akaweka kikombe chini na kusema hawatakaa sana.

"Umeniaibisha mbele ya watu!" Deep alifoka walipoondoka.

"Baba Neelam, hiyo aibu nimeinusa tangu nilipoolewa. Leo ni zamu yako." Akampa glavu na ndoo.

Deep aliinama, akatapika, matapishi mengine yakaingia kwenye nyaya. Kesho yake alimpigia Wepukhulu simu mwenyewe, amtafutie mtu wa kuichukua.

Piano ilipelekwa kwenye kanisa moja Bungoma. Jasleen alipanda mbele ya lori, ahakikishe hairudi. Wanakwaya waliishusha kwa vigelegele. Kiongozi wao, Agneta, akamvutia kiti.

"Mama, si wewe ndio mwenyewe? Tupigie kitu kidogo."

"Sijui kupiga."

"Ati hujui? Na imekaa kwenu miaka yote hiyo?"

"Sijui."

Agneta akaketi mwenyewe. Sauti zilitoka zimepinda, nyingine hazikutoka kabisa, lakini wenzake wakaanza kuimba. Jasleen alitazama vidole vya Agneta vikitembea pale ambapo yeye alikuwa akiokota mavi ya panya maisha yake yote ya ndoa, akaona kinyaa. Akauliza bomba la maji liko wapi. Alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, kisha akamwambia dereva wageuze lori warudi Kitale.