Nilimshitaki mpwa wangu mbele ya kwaya kwa sababu ya gita la besi

Admin naomba unifichie jina, ingawa naona kazi hiyo itakushinda, maana kuanzia Bukoba mjini mpaka Muleba hakuna mtu anayesikia besi ikipigwa vizuri asiulize kama ni mimi. Nina miaka 54, nina mke, na nina kibanja cha kahawa na migomba. Shule niliishia darasa la sita kwa sababu muziki ulinihitaji. Kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri nimeipigia besi miaka ishirini na tisa. Kuna harusi moja Maruku nilivuta ule uzi mnene kabisa, maparachichi matatu yakadondoka mtini. Mashahidi wapo, ila wawili wamehamia Mwanza.

Sasa nisikilizeni. Kwaya yetu inakwenda kurekodi Muleba, tukaamua kununua besi mpya. Nikatumwa dukani Bukoba mjini kuchagua, nikaenda na mpwa wangu, tumwite Koku. Ni binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 26, ni fundi redio, na besi anapiga mimi nikichoka. Koku akashika gita moja la kawaida tu. Akafumba jicho moja akaangalia shingo yake kama seremala anavyoangalia ubao, akabonyeza uzi mwanzo na mwisho, akaomba lichomekwe kwenye spika. Mimi sina haja ya mambo hayo. Nilinyanyua moja moja kwa mkono kama ninavyochagua mkungu wa ndizi sokoni, nikachukua zito kuliko yote, jekundu, linang'aa.

"Mjomba, uzito siyo sauti," Koku akaniambia.

"Mkungu mwepesi una nini ndani?" nikamjibu. Muuzaji akacheka, nikajua nimeshinda.

Nilikabidhiwa nikae nalo nyumbani, na nililitunza kama yai. Unyevu wa ziwa unaharibu vitu, kwa hiyo nikalitundika jikoni juu ya mafiga, pale pale tunapohifadhi mbegu za maharage zisiliwe na wadudu. Wiki tatu. Nilipolipeleka mazoezini likawa linakwaruza, nyuzi zinagonga vyuma vya shingoni, mlio kama nyuki kwenye kopo. Hapo hapo nikajua muuzaji ameshirikiana na mtu. Koku akasema, "Mjomba niachie siku mbili nilirekebishe." Akaenda nalo kwake Kaagya.

Liliporudi, mae waitu! Sauti nzito, safi, unaisikia kifuani. Mwalimu wa kwaya alifumba macho. Wote wakafurahi isipokuwa mimi, maana mimi si mtu wa kudanganywa. Gita bovu haliponi kwa siku mbili. Halafu Jumapili ile ile nikasikia gita la Koku mwenyewe, lile lake lililochakaa, nalo linalia vizuri kuliko nilivyolizoea. Nikajumlisha. Huyu binti amechomoa zile sumaku zinazonasa sauti kwenye gita la kwaya akaziweka kwake, na letu amelitilia dawa ya muda tu, tukifika Muleba lizime, aitwe yeye apige na mimi nikae na wasikilizaji.

Nikaanza uchunguzi. Nilimuuliza bodaboda anayembeba kama aliwahi kumbebea mfuko unaogongagonga. Akasema alimbebea senene. Senene, panzi wetu wa kula, na msimu haujafika! Nikaandika kwenye daftari.

Alhamisi, mazoezini, watu kama thelathini wamekaa, nikasimama.

"Koku, rudisha sumaku za kwaya."

"Sumaku gani tena, mjomba?"

"Leo usiniite mjomba. Niite mshitaki."

Wale wa sauti ya kwanza wakaangua kicheko. Koku hakucheka. Alilaza gita mezani, akamwomba mwalimu wa kwaya aje na tochi.

"Mwalimu, angalia skrubu zilizoshika sumaku. Kwenye mifereji yake kuna nini?"

"Masizi," mwalimu akasema.

"Ningezifungua, bisibisi ingeyaacha masizi hayo? Mimi nimegusa chuma cha ndani ya shingo, kwa sababu joto la moto liliipinda, kisha nikapanga urefu wa nyuzi hapa zinapoishia. Langu nililirekebisha siku hiyo hiyo, nikalivalisha nyuzi mpya. Sikutaka mjue kwamba gita la kwaya lilikuwa linakaushwa jikoni kama samaki. Nilikuwa namfichia mjomba."

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe ndiyo maana Jumapili likipigwa mimi nasikia njaa!" Walicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Koku akanipa gita mikononi, akasema polepole, "Kuanzia leo, waitu, kila mtu na gita lake." Amehamia kuimba sauti ya pili. Simu zangu hapokei, na salamu ananipa kama anavyompa diwani. Mke wangu anasema nibebe jogoo niende Kaagya nikaombe msamaha. Mimi mashaka kidogo bado ninayo, maana mwalimu alikuwa na tochi ya nini saa tisa mchana? Lakini usiku silali vizuri.

Kurekodi ni wiki mbili zijazo, na nyuzi zimeanza kulegea. Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, msinitukane, nishaurini. Nikapige magoti kwa mtoto niliyembeba mgongoni, au nikomae peke yangu mpaka Muleba?

Maana kuna jambo mke wangu tu ndiye anayelijua. Miaka yote hii sijawahi kulitega gita sauti, yaani kukaza nyuzi mpaka kila mmoja ulie unavyotakiwa, hata mara moja. Alikuwa ananitegea marehemu dada yangu kabla ya ibada, na alipofariki akaendelea Koku bila kuambiwa na mtu. Juzi nimepakua ile programu ya kwenye simu inayopima sauti ya nyuzi. Mshale unacheza huku na huku, na mimi sijui uzi upi unatakiwa kulia nini.