Pipa la Mahindi na Mama Opio

Nilipokuwa mtoto kule Bwera, magharibi mwa Uganda, siku ya kuingiza mahindi kwenye pipa ilikuwa siku ya kufunga midomo. Bibi, mzaa mama, alituachia onyo kabla hajafariki: neno likisemwa pipa likiwa wazi, linaingia pamoja na nafaka, na huko ndani linakua. Basi mama alimimina, mimi nilishika ungo, na hata kikohozi tulikimeza. Mfuniko ukishafungwa ndipo tulipocheka.

Mama hakuwa mtu wa kununua unga. Alitoa mahindi kidogo kidogo, akayapeleka kwenye mashine, na Jumamosi akaoka mkate ndani ya majani ya mgomba, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mtaa mzima uliujua mkate wa Mama Masika. Masika ndiye mimi.

Mwaka 2012 alikuja kutusaidia jirani yetu Mama Opio, mke wa polisi kutoka Teso. Walikaa kambini, nyuma tu ya shamba letu. Alipukuchua mahindi na mama siku nzima wakitaniana kwa Kiswahili, maana Kikonzo, lugha yetu, hakukijua. Lakini habari ya kunyamaza nani alimweleza? Hakuna.

Mvua ilikuwa inanyemelea kutoka milimani, na mama alikuwa na haraka. Akaanza kumimina. Mama Opio akaokota punje, akaiuma, akatikisa kichwa.

"Mama Masika, hii iko na maji bado. Ukifunga, itaoza."

Na pipa liko wazi. Mama alimkata jicho ambalo sijalisahau, akamimina hadi mwisho, akabamiza mfuniko. Mama Opio alichukua fungu lake la kazi kwenye beseni, akaenda kwake.

Tulipofungua pipa karibu na Krismasi, harufu ilitupiga puani. Mahindi yalikuwa yameshikana, yameota ukungu wa kijani. Mama aliketi chini pale pale.

"Ameniroga," alisema. "Chakula cha watoto wangu, kwa mdomo wake, mbele yangu."

Krismasi ile hatukuoka. Na neno hilo mama alilipeleka kisimani, akalipeleka kanisani. Wiki haikuisha, wanawake wakawa wanafunika nyungo zao Mama Opio akipita, na watoto wake hakuna aliyecheza nao.

Siku moja tukamkuta kwenye mashine ya kusaga. Wengine walikuwa wamesogea kando, kila mtu amekumbatia mfuko wake. Mwenye mashine akamimina beseni la Mama Opio. Yalikuwa mahindi yetu yale yale, ila yeye alipofika kwake aliyaanika tena. Unga ukashuka mweupe, mkavu, unanukia vizuri. Niliuona uso wa mama ukiutazama unga ule, nikajua kwamba amejua.

Nilingoja aseme kitu. Nadhani Mama Opio naye alingoja, maana alifunga beseni lake polepole mno.

"Mama Masika," alisema, "watu wa nyumbani iko salama?"

Mama alinishika mkono. "Twende."

Aibu ya siku ile bado inanichoma masikio. Nilimpenda mama yangu, na nilimwonea haya, na sikujua kwamba mtoto anaweza kubeba yote mawili njia nzima hadi nyumbani.

Kabla ya msimu uliofuata, mume wa Mama Opio alihamishwa. Lori lilipita na magodoro yao kando kabisa ya shamba letu. Mama alikuwa anapalilia. Hakuinua kichwa.

Leo nina nyumba yangu Kasese, na pipa langu. Mama akija kunisaidia, hamimini kabla hajauma punje. Anaisikiliza ikipasuka kwenye jino, halafu anasema kwa sauti, pipa likiwa wazi, "Haya, imekauka." Mwaka jana nilimwuliza hilo alijifunza kwa nani.

Alipangusa mikono kwenye kitenge.

"Kwa bibi yako."

Sikumbishia. Bibi angekuwa wa kwanza kumziba mdomo, na mama anajua kwamba ninajua. Kila mavuno anafanya alivyofundishwa na mwanamke yule, na jina lake hajawahi kulitamka. Nami, mtu mzima sasa, niliinama nikashika upande wangu wa gunia, tukamimina.