Murhula na Pedalie ya Kanisa

Murhula alizaliwa Bukavu, lakini Kanyosha, ng'ambo ya mpaka, ndiko alikoota ndevu. Siku za kazi aliuza makava na chaja za simu kwenye kibanda mtaani Bwiza, na Jumapili alipiga gitaa kanisani. Kupiga alijua, hilo hakuna wa kumnyima. Ila alikuwa na mdomo! Ukikaa naye kwa chai, chai itapoa, mandazi yatakauka, na yeye bado anakueleza habari za pedalie.

Pedalie yenyewe ilikuwa sanduku bapa la chuma, lenye swichi za kukanyaga kwa mguu na kioo kidogo kama cha simu. Ndani yake mlikuwa na sauti za ampli, vile vikuza sauti vya gitaa, za kila aina, za zamani na za sasa, zimeigwa kwa kompyuta. Badala ya kubeba ampli nzito kama jiko la mkaa, unachomeka gitaa kwenye sanduku, sanduku kwenye spika, basi. Unakanyaga hapa, gitaa linalia taratibu kama mtu anayeomba. Unakanyaga pale, linanguruma mpaka vitoto vinaziba masikio. Aliileta Joëlla, binti wa kanisa anayeishi Ubelgiji, na siku ilipofika watu waliishangilia kuliko walivyomshangilia Joëlla mwenyewe.

Murhula akajiteua mlinzi wake. Aliweka sheria na akazitangaza mbele ya kwaya nzima. Pedalie haiwashwi bila regileta ya kusawazisha umeme, kwa sababu umeme wa Kanyosha unakuja na kuondoka unavyotaka. Waya haivutwi, inashikwa kichwani na kuchomolewa polepole. Vumbi linapanguswa kwa kitambaa kikavu, tena laini. Na ile ya kupakia programu mpya, ile wanayoiita mise à jour, haifanywi bila jenereta kuwaka, maana umeme ukikatika katikati mashine inapoteza fahamu. "Mukishaelewa, semeni ndiyo!" aliwaambia, na kwaya ikasema ndiyo huku ikicheka.

Mtu ambaye hakucheka ni Mama Daphrose. Huyu alikuwa mama wa makamo, muuza ndagala, dagaa wa ziwani, huko sokoni, na kila Jumamosi ndiye aliyefungua kanisa, akafagia, akapangusa mabenchi, mimbari, ngoma, kila kitu. Hakulipwa na hakutaka kulipwa. Funguo za kanisa alizifunga kwenye pindo la kitenge chake, na alipotembea nazo zilisikika, na yeye alipenda zisikike. Ile kazi ilikuwa heshima yake. Kwa habari ya kitambaa kikavu aliitikia kwa kichwa, akaendelea na kitambaa chake chenye maji kama alivyozoea miaka yote, kwa sababu kwake yeye kitu kilichopanguswa kikavu hakijapanguswa.

Sasa sikia alichofanya huyu mlinzi wa sheria.

Sikukuu ya shukrani ilikuwa inakaribia. Rafiki mmoja wa Bwiza, mpiga gitaa wa baa, akamwambia kuna mise à jour mpya, imeongeza ampli tamu ajabu. Nella, kiongozi wa kwaya, dada asiyependa mchezo, alimwonya: "Murhula, usiiguse hiyo mashine mpaka sikukuu ipite. Jenereta haina mafuta, na essence yenyewe mjini haipatikani." Murhula akasema sawa. Jumamosi akaja mapema kabla ya mazoezi, Mama Daphrose akiwa ameshafungua na kwenda kuchota maji, akaunganisha pedalie na kompyuta ya kuazima, akaanza kupakia. Kioo kiliandika wazi kabisa: usizime. Murhula akatabasamu, na tayari alikuwa anafikiria siku ya sikukuu watu watakavyogeuza shingo.

Umeme ukakatika.

Alikaa pale amekodoa macho. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, kama vile vidole vyake vingerudisha umeme wa mtaa mzima. Kisha, badala ya kukaa aseme, alificha kompyuta kwenye mfuko, akairudishia pedalie kifuniko chake, akatoka nje kama mtu anayekwenda kununua maji ya kunywa. Na kweli alikwenda kununua maji. Alikunywa chupa nzima amesimama kando ya barabara.

Aliporudi umeme ulikuwa umerudi na kwaya imefika. Nella alikuwa ameinama juu ya pedalie. Kioo kilikuwa cheupe, hakina neno. Na juu ya chuma, pembeni ya swichi, kulikuwa na unyevu unaong'aa.

"Nani amepangusa hii na maji?" Nella aliuliza.

Mama Daphrose alikuwa mlangoni, ndoo mkononi. "Ni mimi," alisema. "Niliona vumbi mingi, nikasema niipanguse. Kuna nini?"

Nella alimgeukia Murhula, maana yeye ndiye mjuzi. "Maji yanaweza kuiua?"

Ilikuwa rahisi pale. Neno moja tu, "mimi", mama angebaki na ndoo yake na Murhula angepata aibu ya alasiri moja. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Maji na umeme havipendani," alisema.

Loh! Uongo wa mtu hodari ndio huo. Hakusema neno lisilo kweli hata moja, na mtu akaangamia. Mama Daphrose aliweka ndoo chini, akashika mashavu. "Mana yanje! Mungu wangu, nimeua kitu cha kanisa!" Akaanza kulia, mtu mzima, mbele ya vijana aliowabeba mgongoni. Murhula alitazama viatu vyake.

Wazee wa kanisa hawakumfukuza. Walifanya lililo baya zaidi: walimwambia kwa upole apumzike kidogo. Mama Daphrose akafungua pindo la kitenge, akatoa funguo, akaziweka kwenye meza ya wazee pale kanisani. Murhula alikuwa pale alipoziweka. Yeye akapewa kazi ya kuipeleka pedalie Buyenzi, kwa mafundi, akasema ndiyo, ataipeleka. Akaipeleka nyumbani, akaitia kwenye sanduku la nguo chini ya kitanda.

Usingizi ulimkimbia. Kibandani Bwiza alikosea chenji, akamwuzia mteja kava ya simu nyingine. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikifika alijiambia afadhali kwanza mashine ipone. Ikipona, habari yote itaisha yenyewe. Alijua kuwa anajidanganya, na aliona haya hata mbele ya ukuta wa chumba chake.

Siku moja akienda kupanda basi, alisikia anaitwa. Mama Daphrose alikuwa amekaa nyuma ya ndagala zake, amekonda, midomo imekauka.

"Mutoto wangu, fundi wa Buyenzi anasema nini?"

"Anajaribu, mama."

"Mi niko nafunga. Asubuhi mpaka jioni sili kitu. Namwambia Mungu, nipe adhabu nyingine, lakini ile mashine uiponye." Alichota ndagala, akazifunga kwenye karatasi, akaongeza tena. "Umpelekee huyo fundi. Umwambie pole, nimemupa kazi ya bure."

"Apana, mama, acha tu..."

"Chukua! We unabeba mzigo wangu, hata hizi hutaki?"

Akachukua. Mtu mzima na akili zake, alinyoosha mkono akachukua ndagala za mama aliyefunga kwa ajili ya uongo wake. Nyumbani mama yake mzazi akazikaanga na nyanya, akampakulia, na Murhula akala. Alikula mpaka sahani ikaisha, kwa sababu kuacha kungemletea maswali.

Kesho yake alikwenda kwa Léonce, jirani mwenye kompyuta nzuri na betri ya kushika umeme. Walitafuta kwenye mtandao, wakaona watu wengi duniani wamepata ajali hiyohiyo. Unashika swichi mbili kwa pamoja huku unawasha, mashine inaamka nusu, unaipakia programu upya tangu mwanzo. Wakafanya hivyo. Hata maharage yasingeiva kwa muda ule mfupi. Kioo kikawaka, majina ya ampli yakajipanga, na Léonce akapiga makofi. "Kaka, imefufuka! Mbona huna furaha?"

"Nina furaha," alisema Murhula, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefiwa.

Alipanga vizuri. Jumapili ya sikukuu atafika mapema, atamwita Pasta Elysée pembeni, atamwambia yote, na Pasta atatafuta njia ya kuyasema taratibu. Lakini Pasta Elysée alimwona tangu getini na pedalie mkononi, akamnyang'anya kabla hajafungua kinywa, akakimbia nayo ndani, akaichomeka, akaona mwanga, akapiga kelele ya furaha. Murhula alimfuata nyuma akisema "Pasta, kuna neno, Pasta," na Pasta alikuwa tayari amefika mimbarini, ameinua pedalie juu kama kombe la mpira.

"Kanisa! Ilikuwa imekufa! Tazameni!"

Haleluya ilitikisa mabati. Akina mama walipiga vigelegele, ngoma ikaingia, Nella mwenyewe alifuta machozi. Na kutoka kule nyuma, kwenye benchi la mlangoni alipokaa siku hizo, Mama Daphrose akainuka. Alikuja mbele anayumba kwa njaa, akaomba kipaza sauti atoe ushuhuda.

Katika kanisa lile mtu akitoa ushuhuda gitaa humfuata chini kwa chini, polepole, ili maneno yaingie moyoni. Ndiyo kazi ya mpiga gitaa. Pasta akamwashiria. Murhula akavaa gitaa, akakanyaga swichi ya sauti laini, akaanza kupiga, na pedalie haikuwahi kulia vizuri kama siku hiyo.

"Mimi nilikuwa na kiburi," alisema Mama Daphrose. "Huyu mutoto alinifundisha, kitambaa kikavu, mama, kikavu. Mi nikajifanya najua. Nikaua zawadi ya kanisa. Nilikuwa naona haya kupita hata njiani, nikaona batu wote wananisema. Nimefunga, nimelia. Na leo Mungu ameniambia, Daphrose, nimekusamehe." Watu wakasema amina. Akamgeukia Murhula, akaweka mkono kifuani. "Na huyu Mungu amubariki. Alibeba aibu yangu mpaka Buyenzi, na hakunisema vibaya hata siku moja."

Vidole vya Murhula vikasimama.

Kimya kiliposhuka watu walidhani waya imechomoka. Nella alimkazia macho: piga! Hakupiga. Alitoka nyuma ya pedalie na gitaa likiwa bado shingoni, akasogea mpaka kwenye kipaza sauti, na Mama Daphrose akampisha akitabasamu, akidhani naye ana shukrani zake.

"Si maji," alisema Murhula. Sauti ilimtoka nyembamba, akaanza tena. "Si maji ya mama. Nella alinikataza, mi nikafanya mise à jour bila jenereta, umeme ukakatika, mashine ikafa mikononi mwangu. Mama aliipangusa ikiwa imeshakufa. Nilijua. Siku zote nilijua. Na Buyenzi sikufika. Ilikuwa chini ya kitanda changu." Akavuta pumzi. "Na ndagala, mama... ndagala nilikula mimi."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Murhula aliwaka uso mpaka masikio, akatamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Kanyosha ikabaki kama ilivyo. Alimsikia mama yake mzazi, katikati ya akina mama, akisema kwa sauti ya chini, "Ee Yesu wangu." Hakuthubutu kutazama upande huo.

Pasta Elysée alikuwa mtu asiyependa sikukuu iharibike. Alimrukia begani, akamkumbatia, akachukua kipaza sauti. "Kanisa! Ndugu yetu amejinyenyekeza! Tumemusamehe ama hatujamusamehe?"

"Tumemusameheee!" kanisa likaitika, na makofi yakaanza, na ngoma ikadokeza kuingia.

"Pasta," alisema Mama Daphrose.

Hakuwa na kipaza sauti, lakini ngoma ilinyamaza. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Alimtazama Murhula muda mrefu, kama mtu anayemwona leo kwa mara ya kwanza.

"Mungu sikuwa na deni lake," alisema. "Basi nilikuwa namulilia nini? Nilikuwa nalala na njaa ya nini?"

"Mama, kanisa limeshasamehe," Pasta alisema kwa upole.

"Nimesikia. Kanisa limesamehe, ni vizuri." Aliinama mezani kwa wazee, akachukua funguo zake bila kuomba ruhusa, akazifunga tena kwenye pindo la kitenge. "Mi bado. Siku nikisamehe, nitamwita, nitamwambia mwenyewe. Umesikia, Murhula?"

"Ndiyo, mama," alisema Murhula.