Mafuta ya Breki ya Oktoba

Kwenye kituo cha teksi cha Ambondrona madereva wenzake walimwita Solofo Daktari, na jina hilo hawakumpa kwa heshima. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, aliwaacha abiria wakimpungia mkono akaenda gereji kwa mzee Ramanana kumpimisha mgonjwa wake, katreli ya rangi ya krimu, gari dogo la Kifaransa lililotoka kiwandani kabla yeye mwenyewe hajaoa. Oili ilimwagwa kila kilomita elfu tatu. Plagi zilisuguliwa kila elfu tano. Grisi, mkanda, nati za magurudumu, vyote vilikuwa na tarehe zake kwenye kipande cha boksi alichokibandika ndani ya mlango, na sehemu moja tu ya boksi lile ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: mafuta ya breki, Oktoba, kabla ya mvua.

"Daktari, mgonjwa ameamkaje?" walimtania asubuhi. "Amekojoa vizuri?"

"Huyu anakojolea gereji," Solofo alijibu. "Wa kwako ndiye anayekojoa njiani mbele ya watu."

Walimcheka pia kwa namna alivyoshuka milima. Sisi wa Antananarivo tunaishi kwenye mji wa kupanda na kushuka, na petroli tunaibeba kwenye chupa ya maji karibu na mguu, nusu lita, lita ikiwa siku ni njema. Kwa hiyo dereva mwenye akili akifika kileleni huzima injini na kuliacha gari lijitelezee lenyewe hadi bondeni. Solofo peke yake alishuka na gia ya pili, injini ikilia kama inachinjwa. Kuna kitu kimoja tu hawakumcheka. Kiti cha mbele cha abiria hakikukaliwa na mtu. Aliweka hapo gunia la vipuri, na hata abiria wakiwa wanne walibanana nyuma. Wenzake walijua nani alifia kwenye kiti kile. Kwa nini alikufa, hilo hawakulijua.

Miaka kumi na moja iliyopita Solofo alikuwa dereva kama wao. Oktoba ile mzee Ramanana alimwambia alete gari Jumanne wabadilishe mafuta ya breki, maana yale ya zamani yameshanyonya unyevu. Sasa, katika ukoo wa Solofo, Jumanne si siku ya kufungua wala kuanzisha kitu. Hukati nywele, huchimbi msingi, hufungui gari. Alikataa, na hapo hakukosea. Lakini Jumatano akapata wageni wa uwanja wa ndege. Wiki iliyofuata mzee akamkumbusha, ikatokea ni Jumanne tena, akasema mwiko. Alipomkumbusha mara ya tatu zikaja harusi, halafu Krismasi. Mwiko ukawa kisingizio kizuri sana. Jumanne ni moja tu katika wiki, na zile siku sita nyingine zilikuwa mikononi mwake.

Ikafika Januari, mvua inanyesha. Siku hiyo alikuwa ameshateremka mlima mmoja wa mjini mara kumi na kitu, injini imezimwa, breki peke yake ndizo zikifanya kazi. Alasiri akampakia mdogo wake Tahiana, aliyekuwa anatoka sokoni na bata hai mapajani kwa ajili ya Jumapili. Katikati ya mteremko Solofo alikanyaga breki, na kanyagio likazama laini kama amekanyaga wali uliolala. Mafuta yalikuwa yamechemka. Tahiana alicheka, kwa sababu tangu utotoni kaka yake alipenda kumtisha hivyo. "Kaka, simama basi," alisema, kwa upole tu. Solofo alivuta breki ya mkono wakati walikuwa wameshalifikia lori lililoegeshwa, wakaligonga upande wa Tahiana. Bata alitoka mzima, akatembea barabarani.

Watu walisema ni mvua. Wengine walisema siku yake ilikuwa imefika, imeandikwa. Solofo alisikiliza yote hayo msibani na akayakubali yote kwa kichwa, na tangu hapo hakuweza tena kurudi nyuma. Mzee Ramanana alijua, kwa sababu ndiye aliyeyamwaga yale mafuta baadaye yakatoka meusi kama kahawa. Naye hakusema neno.

Kauli ile ya Tahiana haikumwacha. Akiwa kanisani, wimbo umefika katikati, mguu wake wa kulia ulizama kwenye sakafu ya mbao kama hakuna sakafu. Akiwa anakunywa ranovola, yale maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali, baada ya chakula, alisikia karibu na bega, kwa upole tu, kaka, simama basi. Hakugeuka. Alikuwa ameshajifunza kutogeuka. Mkewe alimwambia auze gari. Lakini amuuzie nani? Yeyote atakayelinunua atamkalisha mtu pale mbele.

Agosti mwaka huu Voahangy, mjane wa Tahiana, alikuja kituoni. Tahiana alikuwa amezikwa kwa muda kwenye kaburi la ukoo wa mkewe, pembeni mwa mji, kwa kuwa Januari ile mafuriko yalikuwa yamekata njia ya kwao. Sasa ukoo ulikuwa umekubaliana siku, hariri mpya ya kumfungia imefumwa, ng'ombe amepatikana. Mifupa yake itapelekwa kwa baba zake, karibu na Ambatolampy.

"Wengine watapanda basi," Voahangy alisema. "Tahiana ataenda na wewe. Na mimi nitakuwa naye."

"Shemeji, gari hili ni bovu."

"Bovu? Mji mzima unacheka jinsi unavyolitunza. Mwenye mkono wa uangalifu kukushinda wewe ni nani? Mimi nawaambia watu, laiti siku ile mvua isingenyesha."

Solofo alisema sawa. Alipobaki peke yake alikagua nati za magurudumu moja moja, mara mbili. Hakuogopa barabara. Huku kwetu wafu wakitolewa huzungumzwa nao. Huambiwa nani kaoa, nani kazaa, mchele umekuwaje. Na mlangoni mwa kaburi wa kwanza kusema ni kaka mkubwa. Walio hai alikuwa amewadanganya miaka kumi na moja. Kumdanganya Tahiana, kwa jina lake, mbele ya hariri yake, hakuweza. Na akisema ukweli pale, Voahangy atausikia pamoja na ukoo mzima, na ng'ombe ameshachinjwa. Ilikuwa lazima amwambie kabla, njiani.

Alilipeleka gari gereji.

"Zamu ya mafuta haya ni Oktoba," mzee Ramanana alisema. "Bado mazuri kabisa."

"Badilisha."

"Mwezi uliopita ulisema hivyo hivyo, nikabadilisha."

"Mzee, naomba badilisha."

Mzee akainama, akaanza kufungua. Akasema akiwa chini ya gari, "Solofo, mafuta hayana kosa tena. Hata ukiyabadilisha kila siku." Solofo alimsikia vizuri, akajifanya anatafuta spana.

Siku ya safari ilikuwa ya baridi, vumbi limetulia. Bendera ilifungwa juu ya gari, kama ifungwavyo gari likibeba mmoja wetu kwenda kwao. Tahiana, mwepesi sasa, alilazwa kiti cha nyuma ndani ya mkeka. Gunia la vipuri likatolewa, na Voahangy akakaa pale mbele. Kila mara Solofo alipomtazama alimwona anapanga khanga yake mapajani, akaona bata.

Basi la ndugu lilitangulia, likiimba. Walipofika juu ya mteremko wa kwanza mrefu, ng'ambo ya matanuri ya matofali, basi likazima injini likateleza. Solofo akatia gia ya pili. Injini ikapiga kelele.

"Mbona huzimi?" Voahangy aliuliza. "Wenzako wote wanazima. Utamaliza petroli."

Mguu wa Solofo ukazama. Kanyagio lilikuwa gumu, zima, lakini mguu ulizama.

"Haikuwa mvua," Solofo alisema.

Alimwambia yote, macho yake barabarani. Oktoba, Jumanne, uwanja wa ndege, harusi, mafuta meusi. Alimwambia alivyoitikia kwa kichwa msibani. Alimwambia hata maneno ya mwisho, ambayo hakuwahi kumpa mtu, na kwamba Tahiana alicheka. Alipomaliza walikuwa wamefika bondeni.

"Simamisha gari," Voahangy alisema.

Alishuka. Alisimama ukingoni mwa shamba la mpunga lililokauka, amempa mgongo, hadi Solofo akadhani atarudi mjini kwa miguu. Kisha akaja, akazunguka gari, akasimama dirishani kwake. Alikuwa analia, wala hakujifuta.

"Fundi alikukumbusha mara tatu," alisema.

"Mara tatu."

"Hilo utamwambia mwenyewe leo, mbele ya watu wote. Sitakuzuia na sitakusaidia." Akavuta pumzi. "Gari hili umelipeleka gereji mara ngapi tangu siku ile?"

"Kila mwezi."

"Kila mwezi. Nyumba yangu iko hatua mia tatu kutoka pale gereji, Solofo. Nilikuwa nakuona ukipita. Nilikuwa nawaambia watoto, yule baba yenu mkubwa, ana kazi nyingi. Umeingia kwangu mara ngapi?"

Hakuhitaji kufikiri. "Mara mbili."

"Nilijua unaogopa kitu. Nilidhani unaniogopa mimi, kwamba nitakuomba mchele." Mbele basi lilikuwa limesimama, watu wanachungulia, honi inalia. Voahangy hakugeuka. "Lalaina alikuwa tumboni siku ile. Ana macho ya baba yake. Yuko darasa la ngapi?"

Solofo aliangalia usukani, na mkeka kule nyuma, na uso wa shemeji yake uliokuwa unasubiri.

Hakujua, na akamwambia hajui.