Mguu wa Kiti cha Mayu Mbuke

Ndaki alikuwa seremala Kalangalala, mjini Geita, kwa miaka kumi na tisa, na viungo vya samani zake vilisifika kwa kutofunguka. Mwaka juzi jirani yake Mbuke, mjane mwenye nyonga mbovu ambaye mtaa mzima ulimwita Mayu, yaani mama, alimwomba kiti cha mninga chenye miguu iliyotanuka kwa nje, kisije kupinduka naye.

Kuunga mguu uliolala hivyo kunataka subira. Ukikaza klampu, chuma cha kubania mbao, juu ya ubao wa mshazari, inateleza na kiungo kinahama. Ndaki alichonga kabari zenye mlalo uleule, akazipachika pande zote mbili, akapaka gundi, akakaza mpaka gundi ikachuruzika ukingoni. Viungo vikae hivyo hadi kesho.

Saa moja haijaisha, simu ikaita. Mteja mmoja kutoka Segese alitaka fremu ya mlango jioni hiyohiyo. Klampu zilikuwa nne tu. Ndaki akazifungua. Mguu mmoja ukasogea kidogo, na aliuona. Akaurudisha kwa nyundo, akapiga msumari, akaziba ufa kwa vumbi la mbao na gundi, akapaka vanishi juu yake.

Wiki ya tatu Mayu aliketi, mguu ukachomoka, akaanguka na kuvunjika mkono.

Ndaki alikwenda kumjulia hali.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba. Wewe usijisumbue, fundi. Ni huyu Vumilia, alikiacha kiti kwenye mvua."

Vumilia, mke wa mwana wa Mayu, alikuwa amesimama mlangoni na beseni. Ndaki alikunywa chai, akaaga bila kumsahihisha Mayu.

Siku zilizofuata kazi ilimshinda, alikuwa akipima ubao mara tatu na bado anaukata vibaya. Akimwona Vumilia anakwenda kisimani, aliingia ndani ya karakana.

Siku ya tisa Vumilia alimfuata humo humo, mkononi ana ule mguu wa kiti.

"Fundi, nionyeshe mvua ilipoharibu. Nataka nilijue kosa langu."

Ndaki aliushika mguu. Gundi ilikuwa imekauka juu juu, upande mmoja tu.

"Si mvua, shemeji. Ni mimi. Nilifungua klampu mapema, nikaficha."

Vumilia akauchukua tena mguu wa kiti. "Basi twende ukamwambie mwenyewe. Mimi hawezi kuniamini."

Walikwenda. Ndaki alisema yote, amesimama. Mayu akasema, "Ulikaa hapa ukanywa chai, mwenzako anatukanwa."

Mayu akamgeukia mkwewe. "Nisamehe, mama."

Ndaki alitengeneza kiti kingine, akakiacha kwenye klampu siku mbili nzima. Kimesimama mpaka leo. Ila mkono wa Mayu haufiki tena kichwani, na Vumilia ndiye humsuka nywele pale uani. Ndaki akipita huwaamkia, huku macho yake yako chini.