Mgonjwa wa Uongo na Garanti ya Lori

Hii aibu nilitaka nife nayo, lakini kwa vile Mama Furaha ameshaizungusha kambi nzima kwa namna yake, bora muisikie na kwangu mimi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua nyanya nageuza moja moja, na kanisani kapu la sadaka nalisindikiza kwa macho mpaka lifike mbele (mimi ni shemasi, nimeona mambo). Basi kikundi chetu cha wafanyabiashara hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tulipochanga mpaka tukaweza kutafuta lori kuukuu la kubebea maharage na vitenge, wote wakasema aende Papa Baraka, yule hadanganyiki. Nikavaa suti, nikachukua kibali cha kutoka kambini, tukaenda Lilongwe mimi na Mama Furaha, mwenyekiti wetu.

Muuzaji alikuwa Mmalawi mmoja, Bwana Phiri, mpole, anatabasamu muda wote, na hilo peke yake likanitia wasiwasi. Lori lenyewe nilishindwa kulipata kosa. Liliwaka mara moja, halikutoa moshi, nililala chini yake na suti yangu nikaona pakavu, hata tone la oili hakuna. Halafu yule bwana akasema kwa Kiingereza kwamba lina garanti ya miezi mitatu, ila tukiongeza kidogo atatupa ya mwaka mzima, injini na giaboksi, likiharibika anatengeneza yeye. Kama gari ni zima, kwa nini anauza woga? Mtu anayekuuzia mwavuli ndani ya nyumba yake anajua paa linavuja.

Hapo ndipo nilipoamua kitu kidogo tu, tuongee Kiswahili chetu cha nyumbani mbele yake. Mmalawi atasikia nini?

“Cheka kidogo asijue,” nikamwambia Mama Furaha. “Huyu muntu iko natudanganya.”

“Mi naona garanti iko muzuri,” akasema. “Kamyo ikifia mu njia, batoto ba bantu bote pale batakula nini?”

“Basi tuikamate, lakini tumuwahi. Tunatoa giaboksi yake muzima, tunaweka ile ilikufaka ya kamyo ya Papa Salumu, tunamurudishia. Anatupa ingine mupya, ile yake tunauzisha.”

(Ndiyo, shemasi. Endeleeni kucheka.)

“Papa Baraka, ile si wizi?”

“Mwizi njo yeye. Sasa lia kidogo, useme mutoto wako ni mugonjwa, iko mu opitali kule Likuni, atupunguzie.”

Mama Furaha hakutaka, lakini nilimkazia macho, akaanza kulia, na sijui alikumbuka nini maana machozi yalikuja ya kweli. Bwana Phiri akampa leso yake, akaagiza maji, akasema pepani, amayi, pole mama. Akamuuliza kwa Kiingereza mtoto ana umri gani. Mimi nikanong'ona, huku nikitabasamu, “Sema mine.” Mama Furaha kwa kuchanganyikiwa akasema sita.

Bwana Phiri akafunika kalamu yake, akaikunja ile karatasi ya garanti taratibu, na akasema kwa Kiswahili cha Dar kilichonyooka kuliko changu:

“Mama, mtoto ana miaka minne au sita? Mmekubaliana ipi?”

Wateja wengine wakageuka.

“Haya magari nayafuata Dar es Salaam mwenyewe, miaka na miaka,” akaendelea bila hasira. “Lori ni zuri, nitawauzia kwa bei ile ile. Garanti siwapi, ya mwaka wala ya miezi mitatu. Mtu aniambie usoni atanibadilishia giaboksi, halafu nimwekee saini?”

Nikatafuta neno la kujitetea, likatoka zikomo, asante ya kwao. Nilimshukuru, jamani, na mkono nikampa. Lori tulilinunua hivyo hivyo, maana watu walikuwa wanalisubiri. Mama Furaha alisimulia yote kwenye mkutano wa kikundi, tena kwa kuiga sauti yangu.

Giaboksi ilikufa mwezi wa tano tangu tulinunue. Kwa ile garanti ya mwaka angeitengeneza bure, na naamini angeitengeneza. Sasa lori limepandishwa juu ya mawe kando ya kanisa, magunia yanakwenda kwa kabaza, moja moja nyuma ya baiskeli, na kila mama anayepita mlangoni kwangu na kabaza yake ananiuliza, “Papa Baraka, mugonjwa anaendelea aje?” Nainamia cherehani yangu ya kushonea vitenge. Inaniuma, maana mzigo ule ni wao.

Kushuku sijaacha, siwezi kuwadanganya tena. Ila nimeapa kwamba kabla sijamshuku mtu nitaanza na mimi, kwa sababu siku ile nilikwenda Lilongwe kumtafuta mwizi, na mwizi alikuwepo kweli, amevaa suti yangu.